UZI: Mumbai mwezi Septemba, kwa mnaopeleka wagonjwa mvua za kusi zikiwa hazijakatika

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Septemba 2024 nilikaa Mumbai siku ishirini na nne nikimuuguza mama. Alikwenda kufanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya eneo la Parel. Kabla hatujaondoka Tanga nilitafuta sana maelezo ya Kiswahili kuhusu mji ule wakati wa mvua. Nilikuta ya visa, ya gharama, ya namna ya kuwasiliana na madaktari. Mvua hakuna aliyeigusa, na jamaa aliyewahi kwenda akanihakikishia, "Septemba zimeshakatika, nendeni tu." Hazikuwa zimekatika. Mtu mzima mwenye mshono tumboni hatakiwi kukutana na maji ya mtaroni, kwa hiyo naweka hapa yote niliyoyaona ili atakayekwenda mwakani asibahatishe.

Nianze na kalenda. Kwa kawaida mvua hizi huingia Kerala, kusini mwa India, tarehe 1 Juni hivi, zikafika Mumbai karibu na tarehe 11. Kuondoka kwake huanzia Rajasthan katikati ya Septemba, na Mumbai zinaaga kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Kwa hiyo Septemba yote uko ndani ya msimu. Kinachobadilika ni tabia ya mvua. Juni na Julai inanyesha kutwa kucha na kila mtu ameshajipanga. Septemba kunakucha jua linawaka, unafua, unaanika, unaamini mambo yamekwisha. Saa nane, saa tisa mchana joto linakuwa zito, mawingu yanajikusanya upande wa mashariki kwenye milima, radi zinaanza, na jioni unaweza kumwagiwa kwa saa mbili maji ambayo kwetu yangekuwa ya wiki nzima. Baada ya siku tatu shughuli zetu zote za nje tulizihamishia asubuhi: maabara, kubadilisha fedha, duka la dawa.

Mama yangu ni binti wa baharia wa Pangani. Siku ya pili alikaa dirishani akitazama mnazi wa jirani unavyolala, akaniuliza bahari iko upande gani. Nikamwonyesha magharibi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huyu ni kusi. Keshachoka. Hii ni demani."

Niliona ni maneno ya mgonjwa anayekumbuka nyumbani, lakini nilipoyafuatilia nikakuta yuko sahihi kabisa. Upepo unaowapa Wahindi mvua ni uleule wa kwetu. Unatoka kusini mwa Bahari ya Hindi, unavuka ikweta ukipita pwani ya Afrika Mashariki na Somalia, halafu unapinda kulia juu ya bahari ya Arabu na kuishukia pwani ya magharibi ya India umebeba maji. Sisi unatuletea ubaridi wa Juni na Julai, wao unawaletea mafuriko. Majahazi ya zamani hayakuvuka katikati ya kusi, maana bahari inakuwa chafu na bandari za upande ule zilikuwa zinafungwa. Manahodha waliondoka kusi ikianza, au waliisubiri ilegee, na huko kulegea ndiko demani. Babu aliyefika Bombay, jina la zamani la Mumbai, kwa jahazi alifika miezi hiihii. Tangu siku hiyo mama alikuwa akiniuliza kila asubuhi mambo mawili: upepo umekaaje, na leo ni bamvua, yaani bahari inajaa kupita kawaida, au maji mafu, yaani inajaa kidogo. Hilo la pili lilitusaidia kuliko kitu chochote nilichosoma, nitalieleza.

#2 – Mdau

Pole na kuuguza, mkuu. Namtarajia mzee wangu kwenda mwezi huohuo. Ulipanga wapi? Nimeambiwa vyumba vya mbali na mjini ni nafuu mno.

#3 – Mleta uzi

Mkuu, ni kweli ni nafuu, na ndiyo sababu wengi wetu tunapanga huko. Ushauri wangu ni panga mahali ambapo mzee anaweza kufika hospitali kwa miguu au kwa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwa dakika kumi. Hata kama chumba ni kidogo. Hata kama choo ni cha pamoja. Chetu kilikuwa cha vitanda viwili na kamba ya kuanikia iliyopita juu ya vichwa vyetu, khanga za mama zilikuwa zinakauka siku mbili chini ya feni na bado zina uvundo. Lakini kulikuwa na njia tatu za kufika hospitali, na mojawapo ilikuwa imeinuka.

Kuinuka ndiko kwenye maana. Mumbai ilikuwa visiwa saba. Wareno walivitoa kama mahari ya binti mfalme wao alipoolewa na mfalme wa Uingereza, mkataba ukafungwa 1661, na mwaka 1668 vikakabidhiwa Kampuni ya India ya Mashariki. Kwa miaka mingi iliyofuata bahari iliyokuwa katikati ya visiwa ikafukiwa. Parel ilikuwa kisiwa, Worli kisiwa, Mahim kisiwa, Mazagaon kisiwa. Watu leo wanatembea juu ya maji yaliyozibwa, na mvua ikinyesha maji yanarudi kwenye mabonde yake ya zamani. Karibu na tulipokaa kuna sehemu inaitwa Hindmata, haina mto wala ziwa, ila ukiitaja kwa mwenyeji yeyote mwezi Julai atakuuliza maji yamefika wapi. Wamechimba matangi makubwa chini ya ardhi kuyahifadhi na watu wanasema sasa ni nafuu.

Sasa hilo la bamvua. Mitaro ya mji inamwaga baharini. Bahari ikijaa sana, milango ya mitaro inafungwa ili maji ya chumvi yasiingie mjini, na hapo maji ya mvua hayana pa kwenda isipokuwa yasukumwe kwa mashine. Wana vituo vikubwa vya pampu, kimoja kiko Haji Ali, kingine Lovegrove kule Worli. Magazeti hutoa saa za maji kujaa kila siku ya mvua, na yakivuka mita 4.5 watu wanakuwa macho. Siku mbaya kuliko zote, 26 Julai 2005, kipimo cha mvua cha mtaa wa Santacruz kilipata milimita 944 kwa saa ishirini na nne. Kwa hiyo mtu wa pwani usihangaike, tazama mwezi. Mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua. Radi zikianza siku hizo, na saa ya kujaa iko jioni, kaa ndani na mgonjwa wako.

Bajaji utazikumbuka, kiwanda kilichozipa jina kiko huohuo India, jimbo hilohilo la Maharashtra. Ila haziruhusiwi kuingia sehemu ya kusini ya mji, mwisho wake ni Mahim upande mmoja na Sion upande mwingine. Parel utapanda teksi nyeusi yenye paa la njano. Wakati ule mita ilianza na rupia 28. Dereva akikataa kuwasha mita, mwache, nyuma yake kuna mwingine. Sitataja majina, lakini siku tunatua tulitozwa mara nne ya nauli kwa sababu nilikuwa nimechoka na mama alikuwa anatetemeka.

#4 – Mdau, Mombasa

Ndugu, umenirudisha mbali. Nilimpeleka mke wangu 2019. Hapo kwa saa za bahari naongeza: ukitaka kwenda kuzuru Haji Ali, kaburi la walii lililo kwenye mwamba baharini, lazima usubiri maji yapwe. Njia ya kwendea ni ukuta mwembamba tu, maji yakijaa inafunikwa na huwezi kwenda wala kurudi. Sisi tulikaa ndani karibu saa tano.

Halafu waambie watu juu ya mahindi. Mvua ikinyesha utaona mama ana jiko la makaa chini ya mwavuli, anachoma mahindi, anapaka ndimu, chumvi na pilipili. Mke wangu alikuwa hajala siku mbili na alikula gunzi zima akilia.

Nina swali. Treni ulizipanda wakati wa mvua? Sisi tuliziogopa.

#5 – Mleta uzi

Kaka, mama pia alianza kula kwa mahindi hayohayo. Nilimpelekea nimeyafunga kwenye gazeti, akanusa kwanza, akaniuliza nani kamwambia mwanamke yule tunavyochoma sisi.

Treni nilipanda, na nitasimulia siku moja kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu.

Tarehe 25 Septemba, mama ana siku ya tisa tangu apasuliwe, nilikwenda Ghatkopar, kitongoji cha mbali na hospitali, kumjulia hali kijana wa Mbeya anayemuuguza baba yake. Wamepanga huko kwa sababu ya bei. Asubuhi jua, mchana jua. Mama aliniambia "nenda, leo ni maji mafu," na kweli mwezi ulikuwa kwenye robo ya mwisho. Saa kumi mbingu ikawa nyeusi upande wa milimani. Niliaga haraka nikapanda treni ya kurudi, ile ya njia ya Central. Ghatkopar hadi Parel ni vituo sita, siku ya kawaida hata nusu saa haifiki.

Treni ilisimama kabla ya kituo cha Kurla. Milango ya treni ile haikuwa ya kufungwa, ilibaki wazi, na mvua ilikuwa inaingia ubavu kwa ubavu hata walioketi katikati wakawa wamelowa. Nilitazama chini nikaona kokoto za reli. Baada ya muda nikatazama tena, kokoto hazionekani, maji ya kahawia yanapita juu yake na yamebeba chupa, kandambili, ganda la nazi. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alifungua pakiti ya biskuti akachukua moja, akaipitisha, ikazunguka behewa zima ikarudi kwake na biskuti mbili. Kijana aliyekuwa karibu yangu alinipa simu yake yenye chaji nimpigie mama, maana yangu ilikuwa imezima.

Vijana wengine walianza kuruka chini na kutembea relini. Nami nikavua viatu. Yule mzee akanishika mkono wa shati, akatikisa kichwa, akaniambia kwa Kihindi na kwa vidole: chini ya maji kuna mashimo. Nilikuja kuelewa baadaye. Agosti 2017 katika mafuriko ya mji huohuo daktari bingwa mmoja aliyeheshimika sana alishuka kwenye gari lake ili amalizie kwa miguu, akatumbukia kwenye shimo la mtaro lililofunguliwa ili maji yashuke. Mwili wake ulipatikana pwani baada ya siku mbili. Na jioni hiyohiyo ya tarehe 25 nikiwa nimekaa kwenye treni, mwanamke mmoja alipotea hivyohivyo kule Andheri. Wakuu, nawasihi. Ukikuta barabara imefunikwa na huoni lami, simama. Wenyeji wanachomeka tawi la mti kwenye shimo lililo wazi ili watu walione, na usipoliona tawi haina maana shimo halipo.

Treni ilitambaa saa tatu usiku. Niliingia chumbani saa nne na nusu. Mama alikuwa macho, na mama mwenye nyumba ameketi kitandani kwangu akimshonea kifungo. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumza, wamekaa hivyo tangu magharibi. Mama akanitazama miguuni kwanza. Akauliza, "Umekanyaga?" Nikamwambia sikukanyaga. Ndipo akajilaza.

Kesho yake shule zote zilifungwa. Jua likatoka saa mbili asubuhi kana kwamba hakukuwa na kitu. Yule kijana wa Mbeya alikuwa na miadi ya baba yake saa tatu na hakuweza kufika, ikasogezwa siku nne mbele, na siku nne za chumba na chakula ni fedha. Bei nafuu ya Ghatkopar ililiwa na siku hiyo moja.

Treni zenyewe ni nzuri na ni rahisi, wanawake wana mabehewa yao, na siku kavu hutapata usafiri wa haraka kuliko huo. Ila usimpandishe mgonjwa, na usiende mbali naye mchana wa Septemba.

#6 – Mdau, nilisoma Pune

Shikamooni wakubwa. Nimeishi huko miaka mitatu, naomba niongeze la afya kwa sababu mleta uzi amelipita.

Maji ya mafuriko kule yana mkojo wa panya, na panya hao hubeba vijidudu vya leptospirosisi. Ni ule ugonjwa uliotokea Lindi mwaka 2022 tukauita homa ya mgunda. Unaingia kupitia mchubuko au ufa wa kisigino. Idara ya afya ya Mumbai kila mwaka inawatangazia waliotembea kwenye maji wamwone daktari ndani ya siku moja hadi tatu, na dawa ya kinga inayotolewa mara nyingi ni doksisaiklini. Usijinunulie, hasa ukiwa mjamzito au una dawa nyingine. Mwambie daktari wazi: nilikanyaga maji, yalifika hapa.

La pili ni dengi. Septemba na Oktoba ndipo inapopanda, kwa sababu mvua za kukatakata zinaacha maji safi kwenye vifuniko, ndoo na sahani za maua, na mbu wake anapenda maji safi na anauma mchana. Chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, paka dawa ya mbu mikono na miguu asubuhi. Homa ikikupata baada ya kurudi Tanzania, mweleze daktari ulikotoka ili asipime malaria tu.

#7 – Mleta uzi

Ahsante sana mdogo wangu, marahaba. Hilo la kumwambia daktari ulikotoka mlishike.

Viatu: chukueni yeboyebo, za kufunga nyuma. Za ngozi ziacheni nyumbani, zangu ziliota ukungu wa kijani ndani ya sanduku. Mwavuli unafaa kwa jua, upepo wa jioni unaugeuza, koti la mvua ni bora. Hati za hospitali na pasipoti zikae kwenye mfuko wa plastiki wa kubana. Chakula cha mtaani, mkate mweupe unaouzwa na vitumbua vya viazi wala usiogope, unaitwa vada pav, nimeuishi. Vitumbua hivyo ni kama kachori zetu, ila vinawekwa ndani ya mkate na chatini ya kitunguu saumu. Na mkihesabu fedha, laki yao ni laki yetu, elfu mia moja. Karani wa hospitali alipotamka "do lakh", yaani laki mbili, mama alielewa kabla yangu.

Kuna jambo kubwa la Septemba ambalo si la mvua lakini linafunga barabara vilevile, sikukuu ya Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Mwaka ule ilianza tarehe 7 na kumalizika tarehe 17. Inakwenda kwa mwezi wa angani, kwa hiyo tarehe huhama, mwaka 2025 ilianza 27 Agosti. Iangalieni kabla ya kukata tiketi. Sisi tulikuwa pua na mdomo na Lalbaug, ambako kuna sanamu maarufu kuliko zote, wameiweka kila mwaka tangu 1934, na foleni ya kwenda kuiona inapita mitaa na mitaa usiku na mchana. Siku ya mwisho sanamu kubwa zinapelekwa kuzamishwa baharini, ile ya Lalbaug ilitoka asubuhi ikafika ufukwe wa Girgaum asubuhi ya pili. Ngoma zilikuwa zinatikisa glasi ya maji juu ya meza ya mama wodini, ana siku moja tu tangu apasuliwe. Nesi akaja kufunga dirisha. Mama akamwomba kwa ishara aliache wazi kidogo. Aliniambia baadaye kuwa usiku ule hakulala kwa maumivu, na ngoma zilimwonyesha kwamba nje watu wako macho pamoja naye.

Na hili nililiheshimu mno. Maulidi ya mwaka ule iliangukia tarehe 16, siku moja kabla ya uzamishaji. Waislamu wa Mumbai wakaahirisha maandamano yao hadi tarehe 18 ili barabara ziwaachie wenzao nafasi, na serikali ya jimbo ikahamishia mapumziko siku hiyo. Asubuhi ya tarehe 18 nilikwenda kununua chai nikakuta barabara imejaa petali za maua zilizolowa na vijana wa bendera za kijani wanazifagia ili wapite.

Mama mwenye nyumba alituletea modak siku ya kwanza ya sikukuu. Ni unga wa mchele uliofumbatwa kama kitunguu, ndani nazi na sukari guru, unapikwa kwa mvuke. Mama alionja akasema inahitaji iliki zaidi. Akaelezwa iliki imo. Akasisitiza zaidi.

#8 – Mdau

Mkuu, umetusaidia kuliko mawakala. Mimi nimeahirisha kupanga Ghatkopar, nimeandikia nyumba moja ya Parel. Mama anaendeleaje? Na atarudi lini kwa uchunguzi?

#9 – Mleta uzi

Anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Mshono ulifunga bila usaha, na daktari amemwandikia arudi tena kwa uchunguzi.

Siku mbili kabla ya kuondoka, asubuhi maji yamekupwa, nilimpeleka Haji Ali kwa teksi. Hakufika hadi kaburini, njia ni ndefu kwa mtu wa mshono. Tulikaa mwanzoni mwa ukuta. Mawe yalikuwa na mwani wa kijani na kaa wadogo wanakimbia pembeni. Alivua kiatu kimoja akagusa maji kwa kidole cha mguu, nikataka kumkataza, akaniambia haya ni ya bahari, si ya mtaroni. Akaangalia upande wa kusini magharibi muda mrefu. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, bendera ya dargah, lile kaburi la walii, imelala kwenye mlingoti.

Tutakwenda tena Machi. Mvua hakuna mwezi huo, nimeshaangalia, na chumba nimewaandikia palepale.